Kwa nini wachimbaji hawaufuati ukuta hadi mwisho, halafu wanafukia

Mkuu, umeuliza kwa nini timu iliyokuja kuchimba magofu karibu na kwenu ilikaa wiki kadhaa kwenye mashimo machache, ikauacha ukuta njiani bila kuufuata, kisha ikafukia kila kitu. Unaona kama fedha zimetupwa. Nimefanya kazi kwenye machimbo ya namna hiyo upande wa Kilwa, nikaanzia kwenye chekecheke na baadaye nikapewa usimamizi wa shimo, kwa hiyo naomba nikujibu kwa kirefu.

Kuufuata ukuta ndiyo hamu ya kila anayeanza kazi hii. Mawe yamejitokeza, unashika sururu, unachimba mtaro ubavuni mwake mpaka kwenye kona, na baada ya muda mfupi una ramani ya nyumba nzima. Tatizo ni kwamba ukuta wa matumbawe na chokaa haukuandikwa mwaka. Umri wake unausoma pale unapokutana na sakafu na udongo wa pembeni, na mtaro wako umeondoa hasa sehemu hiyo. Unabaki na ukuta mzuri usioweza kusema ni wa lini.

Ndiyo maana sisi hukata shimo likivuka ukuta, ili ndani na nje vionekane kwa pamoja kwenye ubavu wa shimo. Fundi wa zamani alichimba msingi, akajenga, akarudishia udongo. Asubuhi, udongo ukiwa bado na unyevu, mpaka wa ule udongo aliourudishia unaonekana kwa rangi iliyotofautiana kidogo tu. Jua likipanda unapotea, kwa hiyo saa ya kwanza kazini ni ya kuangalia, kukwaruza kwa mwiko na kuchora, na hakuna anayegusa jembe. Tabaka lililokatwa na msingi lilikuwepo kabla ya ukuta. Sakafu iliyokuja kuegemea lipu ya ukuta iliwekwa baadaye. Na ukipata kwenye ule udongo wa msingi kigae cha bakuli la kijani la Kichina, unajua ukuta haukujengwa kabla ya bakuli hilo kufika pwani. Hapo vigae vya ng'ambo vinatusaidia sana, maana umri wa vingi umeshajulikana.

Uamuzi mgumu kuliko yote ni wa sakafu. Inatokea sakafu ya chokaa, nzima, laini, na wewe unajua kwamba chini yake kuna habari za zamani zaidi. Kuivunja ni rahisi, kuirudisha haiwezekani. Mara moja tulibishana karibu siku nzima juu ya hilo. Mwishowe tukatafuta mahali ambapo mzizi ulikuwa umeshaipasua, tukasafisha kingo za ule mpasuko na kuteremkia hapo hapo. Shimo lilikuwa dogo, na mtu alichimba akiwa amelala kifudifudi, lakini sakafu ilibaki. Ningechagua vivyo hivyo leo.

Kifusi nacho watu hukidharau, wanataka kiondolewe haraka ili kazi ianze. Kazi yenyewe imo humo. Paa za nyumba hizi zilikuwa za boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa, na urefu wa boriti ndio uliofanya vyumba viwe vyembamba, mara nyingi chini ya mita tatu. Kipande cha paa kilichoanguka huwa bado kina alama ya mviringo ya boriti. Kama paa limelala moja kwa moja juu ya sakafu, chumba kiliporomoka kabla uchafu haujajikusanya. Kama kati yake kuna udongo laini ulioletwa na upepo na mvua, nyumba ilishahamwa zamani. Ukikipiga koleo kifusi chote kwa siku moja, hutajua kamwe ni lipi kati ya hayo mawili.

Makaburi hatuyagusi bila wazee kukubali, na wakikataa, shimo linahamishwa. Hilo halina mjadala.

Ukiuliza faida ya polepole yote hiyo, nakutajia Shanga, mji wa kale wa Waswahili kisiwani Pate, Kenya. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba pale miaka ya 1980. Chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa wa mawe alikuta misikiti ya awali, mmoja juu ya mwingine, na ya chini kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti, imebaki alama za nguzo tu kwenye mchanga. Aliyezoea kutafuta mawe peke yake angeishia juu. Alama zile zilitoa ushahidi mzito dhidi ya hoja ya kwamba miji yetu ililetwa tayari na wageni, na mimi nikizikumbuka napata nguvu ya kukaa tena juani na mwiko. Songo Mnara vilevile, magofu ya kisiwani karibu na Kilwa, utafiti ulioanza 2009 ulichunguza hata viwanja vilivyoonekana vitupu kati ya majumba ya mawe, na kukatokea mabaki ya nyumba za udongo.

Sasa kufukia. Chokaa iliyokaa ardhini miaka mia tano haistahimili masika mengi ikiwa wazi. Mvua inaingia, mizizi inafuata, mbuzi wanapanda. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014, na mimea na mmomonyoko wa bahari vilikuwa kati ya sababu. Kwa hiyo tunatandika viroba vilivyochanwa chini ya shimo, ili mchimbaji ajaye ajue tuliishia wapi, kisha tunarudisha udongo ule ule uliochekechwa.

Na kwa kuwa umesema ukuta mwingine umeonekana kwenye kiwanja cha shemeji yako: asiufuate kwa jembe. Apige picha, aache vigae palepale vilipo, atoe taarifa serikali ya kijiji na Idara ya Mambo ya Kale. Kwa sheria ya Tanzania, jengo la kabla ya 1863 linalindwa hata likiwa shambani mwa mtu. Ukiweka picha hapa, nitakuambia naona nini kwenye ukuta huo.