Hotuba ya Regensburg: kilichowasha moto ni nini?

SWALI: Kijiweni kwetu, kila ukizuka ugomvi wa kidini, mtu hutaja hotuba ya Papa Benedikto XVI ya mwaka 2006. Alisema nini hasa?

JIBU: Maneno yaliyochoma hayakuwa yake, ila yalitoka kinywani mwake. Tarehe 12 Septemba 2006, katika Chuo Kikuu cha Regensburg, Ujerumani, alizungumzia imani na akili. Humo akamnukuu Manuel II, kaizari wa Bizanti wa karne ya 14, aliyemwambia msomi Mwajemi kwamba jipya alilolileta Mtume Muhammad ni maovu tu, kama kueneza dini kwa upanga. Papa aligusia ukali wa kauli hiyo, lakini hakutamka waziwazi kwamba haikubali. Kosa lilikuwa hapo. Kanusho liliingia baadaye, kwenye tanbihi ya chapa rasmi, nani angelisoma huko?

Tarehe 17 Septemba alisikitikia jinsi maneno yalivyopokewa. Wengi walitaka aombe radhi kwa maneno yenyewe. Siku hiyohiyo, Mogadishu, Sista Leonella Sgorbati, aliyefundisha wauguzi Kenya kwa miaka mingi, aliuawa kwa risasi. Inauma mno.

Vitendo ndivyo vilivyopoza. Tarehe 25 Septemba aliwapokea mabalozi wa nchi za Kiislamu. Oktoba wanazuoni 38 wa Kiislamu wakamjibu kwa barua ya hoja, hatua tunayoiheshimu sana. Na tarehe 30 Novemba akasimama kimya, kando ya mufti, ndani ya Msikiti wa Buluu, Istanbul.