Kinyesi cha kunata hakikuwa ugonjwa. Hiki cha majimaji ndicho tukichunguze

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga kuku wa nyama 300 hapa Majengo, Moshi. Walipofika siku ya 17 nilianza kuona kinyesi laini cha rangi ya chokoleti, kinanata kama mlenda na kinanuka kupita kawaida. Si kila mahali, ni hapa na pale. Mwenye duka la dawa za mifugo akanipa antibayotiki ya oksitetrasaiklini, nikawawekea kwenye maji siku tano. Leo wana siku 24. Kile cha chokoleti kimepungua sana, ila sasa kinyesi kingi ni majimaji na ndani yake naona chenga za mahindi. Damu sijaiona. Jana amekufa mmoja. Wanakula, lakini maji wanamaliza upesi. Juzi pia niliwahamishia finisha, chakula cha kuku wanaokaribia kuuzwa, ninayochanganyiwa mashineni. Niongeze dozi au nibadilishe dawa?

JIBU: Marahaba, mama. Usiongeze dozi, na dawa nyingine usinunue bado.

Tuanze na kile kilichokutisha siku ya 17. Kuku ana vinyesi vya aina mbili, na vyote viwili ni vya afya. Cha kwanza unakijua: kigumu kiasi, kahawia au kijivu, juu yake kina kofia nyeupe. Ule weupe ni mkojo wake, maana kuku hana kibofu. Uchafu wa figo hutoka pamoja na choo. Cha pili ndicho hicho chako cha mlenda. Pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana kuna vifuko viwili virefu vilivyoziba upande mmoja. Ukipasua kuku jikoni unavikuta, vimejaa kitu kizito cha kahawia, na wengi huvitupa bila kujiuliza ni vya nini. Kuku huvimwaga mara chache kwa siku. Ukihesabu vinyesi kumi, kimoja hivi hutoka humo: laini, kinanata, kinanuka.

Kinanuka kwa sababu humo ndimo wanamoishi bakteria wengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili wake. Gramu moja ya uji ule inaweza kuwa na bakteria bilioni mia moja. Wanachachusha nyuzinyuzi ambazo kuku mwenyewe hawezi kuzisaga, na kutokana na uchachu huo hupatikana asidi. Moja ya asidi hizo, ya butiriki, ni chakula cha ngozi ya ndani ya utumbo. Nyingine hufanya mazingira kuwa machungu kwa bakteria wabaya kama salmonela. Kwa hiyo kinyesi kile, kikiwa kizito na cha rangi moja, kilikuwa kinakuambia kwamba kiwanda kinafanya kazi. Kingekuwa cha njano, chepesi, chenye mapovu, hapo ningekuwa na shaka, maana ina maana uchachu umeharibika.

Simlaumu sana mwenye duka. Mteja amesimama mbele yake na wasiwasi, naye ana dawa kabatini. Ila dawa hiyo haichagui. Inapiga bakteria wabaya na wazuri kwa pamoja. Siwezi kuapa kuwa majimaji ya leo yameletwa na dawa peke yake, kwa sababu mambo matatu yamegongana ndani ya wiki moja: dawa, chakula kipya, na hii baridi ya Julai inayotufanya tufunge mapazia ya banda kuanzia saa kumi jioni. Tuyatenganishe.

Kesho asubuhi tafuta magazeti ya zamani. Tandaza karatasi sehemu nne za banda, mbali na vyombo vya maji, ukae saa moja hadi mbili, kisha uyaokote. Hesabu vinyesi vyote, halafu tenga: vyenye umbo na kofia nyeupe, vya mlenda, vya majimaji, vyenye chenga za chakula, vyenye utelezi wa rangi ya chungwa. Gazeti linakusaidia kwa jambo moja ambalo maranda hayawezi, nalo ni kukuonyesha alama ya maji. Kinyesi kizuri huacha alama ndogo ya unyevu pembeni yake. Kibaya huacha duara pana kama sahani. Usihukumu banda kwa kinyesi kimoja. Kuku mmoja aliyekunywa maji mengi au aliyeshtuka anaweza kutoa kibaya, na ukimwangalia huyo peke yake utatibu kuku 300 kwa kosa la mmoja.

Halafu pima maji. Kuku wa nyama kwa kawaida hunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula. Kama kundi lako linakula kilo 30 kwa siku, tegemea lita 60 hivi. Ikifika lita 80 na joto halipo, ama chombo kinavuja, ama chumvi imezidi kwenye chakula, ama utumbo umeanza kuumia. Hapa ndipo ninapomtilia shaka mchanganyaji wako. Muulize aliweka dagaa kiasi gani na kama aliongeza chumvi juu yake, kwa sababu dagaa tayari wana chumvi yao. Tena dagaa wengi au wabovu huleta protini isiyosagika, inateremka hadi chini ya utumbo, na huko inamlisha bakteria aitwaye Klostridia, yule anayeozesha ukuta wa utumbo. Chenga za mahindi nazo zinaweza kuwa jambo dogo tu: mahindi yamesagwa makubwa. Chukua finisha kiganjani. Ukiona vipande kama punje ya mchele, mrudishie asage tena. Na kwa sasa changanya stata, yaani chakula chao cha mwanzo, na finisha nusu kwa nusu siku tatu nne, badala ya kuwahamisha ghafla.

Sasa kuhusu damu. Umesema hujaiona, na najua umetulia kwa sababu hiyo. Usitulie sana. Ugonjwa wa kuhara damu unaletwa na vijidudu vya koksidia, ambavyo si bakteria, na vipo vya aina kadhaa. Aina inayokaa kwenye vile vifuko viwili ndiyo inayotoa damu waziwazi. Zile zinazokaa juu kwenye utumbo mwembamba mara nyingi hazionyeshi damu. Zinaonyesha majimaji, utelezi wa rangi ya chungwa, na chakula kisichosagika. Umri wa wiki tatu hadi tano ndio wakati wake, na maranda yaliyolowa ndiyo nyumba yake: mayai yake yakipata unyevu na joto, ndani ya siku mbili hivi yako tayari kumezwa. Dawa uliyotumia siyo ya kutibu koksidia.

Kwa hiyo akifa mwingine, usimtupe. Mweke kwenye mfuko, umpeleke siku hiyo hiyo kwa daktari wa mifugo ampasue. Kusanya pia vinyesi vibichi kutoka sehemu mbalimbali za banda, vya aina zote mbili, kwenye kopo safi. Koksidia huonekana kwa hadubini, hakuna haja ya kubahatisha. Ukitaka maabara kubwa zaidi, Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo Arusha. Ikithibitika ni koksidia, daktari ataandika dawa yake. Akikupa amproliamu, usiwawekee vitamini siku hizo hizo, kwa kuwa dawa hiyo hufanya kazi kwa kumnyima kijidudu vitamini B1, nawe ukimwaga vitamini majini unamrudishia.

Maranda shughulikia leo, usisubiri majibu. Yafumbate kwa nguvu kisha ufungue kiganja: yakibaki donge, yamelowa mno, yakimomonyoka taratibu, ni sawa. Toa mabonge yote ya chini ya vyombo vya maji, geuza yaliyobaki kwa reki, ongeza makavu. Maganda ya mpunga kutoka Mabogini yanafaa pia. Inua vyombo vya maji vilingane na mgongo wa kuku. Na mapazia yaache wazi kwa juu hata usiku wa baridi. Ukiingia alfajiri macho yakiwasha kwa hewa kali ya kinyesi, ujue kuku wamekaa humo usiku kucha.

Kuna mtu atakushauri uwape mtindi ili kurudisha bakteria wazuri. Mimi simo. Kuku hana uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, ikizidi inamharisha, na vyombo vinashika utando. Nunua probayotiki za kuku zenye lebo, uwape baada ya dawa kuisha, kwenye maji yasiyo na klorini.

Ukiona kinyesi cha kijani na shingo zinapinda, huo ni mdondo wa kufikiria kwanza. Cheupe cha maji huku wamejikunyata, gumboro. Hayo ni ya kupiga simu saa hiyo hiyo.

Kundi lijalo, achana na desturi ya kuwapa vifaranga antibayotiki siku tano za kwanza bila ugonjwa. Kifaranga wa mashine hajawahi kudonoa kinyesi cha mama yake, kwa hiyo tumbo lake ni shamba tupu. Mwaka 1973 watafiti wa Finland, Nurmi na Rantala, walionyesha kwamba kifaranga akipewa mapema bakteria kutoka utumbo wa kuku mkubwa, salmonela hukosa pa kukaa. Anayewahi ndiye anayemiliki shamba.

Jambo la mwisho ni la wateja wako. Soma lebo ya oksitetrasaiklini, uone siku za kusubiri kabla ya kuchinja, uzihesabu kuanzia dozi ya mwisho. Usiuze hata mmoja kabla hazijaisha, hata kama mwenye hoteli anakusumbua. Magazeti yatandaze tena siku ya tatu baada ya kurekebisha chakula na maranda, unitumie hesabu zote mbili.