Mwongozo wa kurasa 60

SWALI: Shikamoo mshauri. Nina karakana ya useremala yenye mafundi sita. Nimenakili mwongozo wa wafanyakazi wa kampuni kubwa, kurasa 60, na wote wametia sahihi. Mkaguzi akija, niko salama?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Sahihi unazo, usalama bado. Mkaguzi makini atamgeukia fundi mgeni kuliko wote amwulize msumeno unazimwa wapi. Akibabaika, kurasa zako hazitakutetea.

Pitia karakana pamoja na mafundi, mashine moja baada ya nyingine, mwandike kinachoweza kukata, kuangukia au kuunguza. Msisahau vumbi la mbao. Watu hulidharau, kumbe huwaka, na kulivuta kwa miaka huweza kuleta saratani ya pua. Kwanza weka kinga ya msumeno na mashine ya kufyonza vumbi. Barakoa ije baadaye. Tena usimkate fundi mshahara kwa ajili ya miwani! Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Unamlinda pia anayeacha kazi iliyo na hatari kubwa ya papo hapo, akiwa na sababu ya msingi. Hilo liweke ukurasa wa kwanza, kwa lugha wanayoongea kazini.

Likizo, saa za kazi na nidhamu vifuate sheria ya nchi yako, mwanasheria apitie. Sura ya maegesho ya wakurugenzi (ya nini, jamani?) ichane.