Mlango umehama, hesabu iko wapi?

Swali: Nyumba yangu ya Njiro, Arusha, ilishafungwa linta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha) nikamwambia fundi ahamishe mlango wa jikoni. Sasa anadai nyongeza, pesa ya jumla. Nilipe?

Jibu: Nyongeza anastahili, ila akuchanganulie: kubomoa, linta mpya, kuziba uwazi wa zamani, plasta. Uwazi wa sentimita 90 kwa 210 unakula tofali za inchi 6 kama 18 zikisimamishwa, 25 zikilazwa. Akiandika 40, muulize. Linta ipite uwazi angalau sentimita 15 kila upande, la sivyo nyufa zitaanzia kwenye kona za mlango. Fremu ni ileile, isihesabiwe tena. Badiliko lijalo liandikwe kabla nyundo haijagusa ukuta: kazi, bei, siku zinazoongezeka, sahihi zenu wote. Hata ujumbe wa simu aliojibu “sawa” unasaidia.