The Grudge: dairekta yuleyule, mbona ilipondwa?

Mkuu salama? Unauliza kwa nini The Grudge ya 2004, ile filamu ya kutisha ya Kimarekani iliyorudia Ju-On, ilipondwa na wakosoaji wakati dairekta ni Takashi Shimizu yuleyule wa Ju-On ya Kijapani, na nyumba ya mzimu iko Tokyo vilevile. Achana na dairekta kwanza, angalia stori. Ju-On ni vipande vipande, kila anayeingia ile nyumba anapata yake, muda unaruka mbele na nyuma, sasa Wamarekani wakamweka Sarah Michelle Gellar awe staa wa kumfuatilia ila vipande wakaviacha, ndo maana wengi wakalalamika haieleweki, mkosoaji Roger Ebert akaipa nyota 1. The Ring ya 2002, nayo Wamarekani waliirudia kutoka filamu ya Kijapani, ilipona sababu Naomi Watts anachunguza kanda ya video na ana siku 7 tu kabla ya kufa, unajua mnaelekea wapi. Ila Ebert hata hiyo aliipa nyota 2, so usimchukue mkosoaji mmoja ukafunga mjadala. Mbovu kweli ni One Missed Call ya 2008, nayo marudio ya Kijapani, kwenye Rotten Tomatoes (tovuti inayokusanya maoni ya wakosoaji) ina 0%. The Grudge mi naitetea kwa ile sini ya bafuni tu, dada anaosha nywele mara vidole vinachomoza kisogoni, aisee.