Jenereta za kuazima na ujirani
Kaka, unauliza Kenya itapata nini ikimwazima jirani jenereta za dharura ilhali hapa Mombasa kwenyewe stima hukatika. Faida ipo, lakini mtambo ukivuka mpaka wa Lunga Lunga kuingia Tanzania bila dizeli, spea na mafundi, ni chuma cha mabalozi kupigia picha. Mimi ningeuliza kwanza mafuta analipa nani, maana hapo ndipo pesa huishia. Kiufundi hakuna taabu, Kenya na Tanzania zote hutumia masafa ya hezi 50. Ila naamini zaidi nyaya: mwisho wa 2022 tulianza kununua megawati 200 za umeme kutoka Ethiopia kupitia kituo cha umeme cha Suswa, kwa mkataba wa miaka 25. Jenereta ya kuazima huanza kudaiwa irudishwe mvua ikijaza tu mabwawa ya umeme.