Karatasi ya kuzuia joto imebanduka ndani ya kava la pikipiki: nibandike nini?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naishi Nyegezi, Mwanza, na nina pikipiki ya michezo ya mtumba kutoka Japani, yenye kava kubwa pande zote mbili. Ile karatasi ya fedha iliyokuwa ndani ya kava la kulia, mkabala na bomba la ekzosi, imebanduka, na sasa plastiki imeanza kulainika na kujikunja. Fundi mmoja alinibandikia foili ya jikoni kwa gundi ya viatu, lakini haikumaliza wiki mbili. Nitumie nini?

JIBU: Ndugu msomaji, gundi ya viatu hulainika mapema sana joto linapopanda, kwa hiyo usimlaumu sana fundi wako kwa foili, bali kwa gundi. Hata hivyo, kabla hujanunua chochote, fungua kava hilo na ulitazame upande wa ndani chini ya jua. Mahali fulani utakuta herufi ndogo zilizochongwa ndani ya alama mbili za mshale, ama ABS au PP, yaani majina mafupi ya aina ya plastiki, na herufi hizo ndizo zitakazoamua kazi nzima. ABS hupokea gundi vizuri, lakini huanza kulegea inapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi. PP huvumilia joto zaidi kidogo, ila karibu kila gundi huiteleza, na hapo itakubidi ushikilie kinga yako kwa riveti au bolti ndogo.

Karatasi ile hufanya kazi kwa kurudisha mionzi ya joto inakotoka, jinsi kioo kinavyorudisha mwanga, na ndiyo maana ni lazima kuwe na nafasi ya hewa kati yake na bomba. Ikigusana na bomba, alumini hugeuka kuwa njia ya kupitishia joto badala ya kulizuia, na unene wowote utakaoongeza hautakusaidia kitu. Kwa hiyo rudishia kava bila kinga yoyote, kaza bolti zote, kisha upime: kidole kimoja, yaani kama sentimita 1 au zaidi, kipite kati ya plastiki na bomba injini ikiwa ya baridi. Pikipiki nyingi za mtumba zinazofika mikononi mwangu hushindwa kipimo hiki, kwa sababu raba na vikombe vya chuma vinavyokaa kwenye matundu ya bolti vilipotea zamani, na kava limesogea ndani bila mwenyewe kujua. Tazama pia maungio ya ekzosi kwenye silinda hedi. Ukiona masizi meusi, au ukisikia mlio wa tik-tik injini inapowashwa asubuhi ambao hupungua ikishapata moto, gasketi inavujisha, na moshi wa moto unapiga plastiki moja kwa moja. Badilisha gasketi kwanza.

Sehemu iliyojikunja, kama ni ABS, inaweza kunyooshwa kwa maji ya moto. Sisi wa kandokando ya ziwa tuko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, joto linalotosha kuilegeza plastiki bila kuiharibu. Mimina polepole, nyoosha ukiwa umevaa glavu nene, kisha ishikilie hivyo hivyo mpaka ipoe kabisa.

Sasa kuhusu kinga yenyewe. Tafuta kitambaa cha nyuzi za kioo chenye uso wa alumini na gundi inayostahimili joto nyuma yake, kile kinachouzwa kwa ajili ya magari. Usitumie makopo ya soda yaliyopasuliwa, kwani rangi na utando wake huungua na kutoa moshi, wala vipande vya paa la zamani la asbesto, ambavyo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Tepu ya alumini ya mafundi wa friji inafaa kuziba kingo tu.

Gundi kuukuu itoe kwa kuipasha kwa draya ya nywele na kuikwangua kwa kipande cha plastiki. Usiguse thina wala petroli, kwa sababu thina huiyeyusha ABS, na petroli huiachia nyufa ndogo zitakazoonekana baadaye. Futa kwa spiriti, piga msasa laini, futa tena. Fanya kazi hii mchana mkavu, si alfajiri wakati unyevunyevu wa ziwa bado umeganda juu ya plastiki, maana gundi inayobandikwa juu ya unyevu haishiki. Kata kielelezo kwa boksi kwanza, zungusha pembe zote kwa mkasi usiache ncha kali, kisha bandika ukisukuma hewa kutoka katikati kwenda nje, uso unaong'aa ukielekea bomba. Usizibe matundu ya kutolea hewa ya rejeta, na usiiache alumini karibu na nguzo za betri au waya zilizochunika, kwani hupitisha umeme.

Acha kwa saa 24 kabla ya kuwasha. Jaribio usilifanye kwa mwendo wa kasi kwenye barabara ya Usagara, ambako upepo unabeba joto lote. Lifanye kwenye foleni ya Mabatini saa za jioni, kisha uzime injini na uguse kava kwa nje baada ya dakika 5, kwa sababu joto hupanda zaidi chombo kikisimama. Kama huwezi kuuacha mkono hapo, nafasi ya hewa bado haitoshi. Ongeza unene wa raba za kwenye bolti; ukikosa za kiwandani, mpira wa tyubu uliokunjwa mara mbili unatosha, mradi uwe mbali na bomba.